Shoka Lisilo na Cheti

Kahama, ukitaka mti uangushwe, hupati shida. Mwembe umeliegemea bati, mkaratusi unagusa nyaya za umeme, mti mkavu umesimama katikati ya shamba: unauliza kijiweni, unapewa namba ya simu, na kabla ya saa sita jamaa amefika na bodaboda, chensoo imefungwa nyuma kwa mpira. Anautazama mti, anataja bei, mnavutana kidogo, kazi inaanza. Mimi nimekulia Nyahanga, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Kahama, na sijawahi kumsikia mtu akimwuliza mkata miti swali hili moja: umefundishwa wapi?

Swali lilinijia nikiwa nasoma, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, namna Wamarekani wanavyopambana na moto wa nyikani. Kule mtu haingii kwenye mstari wa moto na msumeno wa mnyororo eti kwa sababu ana nguvu na ana moyo. Kwanza anasoma kozi inayojulikana kwa namba yake, S-212. Kisha anapelekwa porini na kupimwa na mtu mwenye mamlaka ya kupima, mti mmoja baada ya mwingine. Madaraja ni matatu. Zamani yaliitwa A, B na C, siku hizi yanahesabiwa kwa namba. Wa daraja la chini anakata miti myepesi na anasimamiwa. Wa daraja la juu ndiye anayeitiwa miti yenye balaa: mikubwa, iliyooza ndani, inayowaka huku bado imesimama.

Kwa nini mzimamoto aangushe miti? Kwa sababu mti mkavu unaowaka kwa juu ni kama bomba la moshi. Unarusha cheche kuvuka barabara ya kuzuia moto mliyoilima tangu alfajiri, na kazi ya siku nzima inakuwa bure. Halafu mizizi yake inaungua chini kwa chini, na saa yoyote unaanguka bila mlio, bila upepo. Kwa hiyo kabla wenye majembe na maji hawajapita, lazima mtu atangulie auangushe. Huyo ndiye wanayempima na kumpa cheti.

Anachopimwa si ubabe. Anatakiwa kwanza azime mashine na atazame juu: kuna tawi lililokatika likaning'inia? Kilele kimekufa? Mti umeinamia wapi, na umeelemewa na matawi upande gani? Ndipo achague pa kuuangushia, na asafishe njia ya kukimbilia, kwa nyuma na kwa pembeni, kabla ya kugusa gome. Anakata mdomo upande wa maangukio. Anakata nyuma, juu kidogo ya mdomo. Katikati anaacha ukanda wa mti ambao haukatwi kabisa, na huo ndio bawaba. Mti unageuka juu ya bawaba kama mlango unavyogeuka, unakwenda ulikoelekezwa. Ukiikata bawaba yote, mlango umeng'oka, na hakuna anayejua utamwangukia nani.

Masharti hayo hayakutungwa mezani. Mwaka 2008, California, kijana wa miaka 18 katika kikosi cha zimamoto alijeruhiwa na mti wakati kikosi chake kikiangusha miti, akavuja damu kwa saa kadhaa milimani hadi akafa kabla ya kufika hospitali. Baada ya hapo taratibu za kumtoa majeruhi kwenye mstari wa moto ziliandikwa upya. Kila kipengele kwenye daftari la mkufunzi kina mtu nyuma yake.

Najua msomaji wangu wa Kahama atasema nini: hayo ni ya Marekani, wenye misitu ya misonobari na helikopta. Sisi tuna mbuga, mashamba ya mpunga na mashimo ya dhahabu. Ndiyo. Lakini kabla hatujasema hayatuhusu, tukumbuke kwamba moja ya kampeni kubwa za kukata miti na kuchoma moto kwa mpangilio katika Afrika Mashariki haikufanyika Kilimanjaro wala Usambara. Ilifanyika hapa kwetu, Shinyanga.

Habari inaanzia kwenye sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa huo uliteketeza ng'ombe wa nyanda zetu pamoja na nyati na pofu wa porini. Ng'ombe walipokwisha, wenyewe wakapatwa na njaa, na nyuma ya njaa ikaja ndui. Kisha vita vya Wajerumani, kisha Vita Kuu ya Kwanza pamoja na upagazi wake. Mashamba yaliachwa. Na shamba likiachwa Usukuma au Unyamwezi, halikai wazi: linaota vichaka, vichaka vinakuwa pori, wanyama wa porini wanarudi, na pamoja nao anarudi mbung'o, ambaye wengi wetu tunamwita ndorobo. Mbung'o huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Mwaka 1922 malale yalilipuka Maswa.

Mwanasayansi John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o kwa miaka mingi, aliandika kitabu kizito mwaka 1971 akieleza kwamba Waafrika walikuwa na namna yao ya kuishi na nzi huyo: walijua pori lipi likae na lipi lifyekwe, ng'ombe wapite wapi na saa ngapi. Ukoloni uliivuruga mizani hiyo, kisha ukajitangaza kuwa ndiye mganga. Helge Kjekshus naye, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alisisitiza jambo linalofanana na hilo kuhusu historia yote ya mazingira ya Afrika Mashariki. Unaweza kubishana nao hapa na pale, na wapo waliobishana. Lakini hoja kuu inasimama: pori lililofyekwa miaka ya 1920 halikuwa pori la tangu dunia iumbwe. Sehemu yake kubwa lilikuwa shamba la babu ya mtu.

Aliyesimamia kazi ni Mwingereza aitwaye Charles Swynnerton. Aliteuliwa mwaka 1919 kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika, na baadaye akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yake yakiwa Old Shinyanga. Watafiti wa kituo kile waligawa pori katika vipande vya majaribio. Huku walizuia moto kabisa waone vichaka vikisongamana vitamfanya nini nzi. Kule walichoma. Pengine walifyeka. Mmoja wao, C. H. N. Jackson, alikuwa akiwatia nzi alama za rangi, anawaachia, kisha anawakamata tena ili akadirie idadi yao. Kazi ya kutembea porini kutwa kucha kukamata nzi hao ilifanywa na vijana wa hapa hapa.

Njia kuu zilikuwa mbili, moto na shoka. Moto wa Swynnerton haukuwa moto wa wazee wetu. Mfugaji wa Kisukuma alichoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto unakwenda taratibu, unaacha mabaki na malisho yanachipua. Swynnerton alitaka kinyume chake. Nyasi zilindwe zisichomwe, mpaka mwisho wa kiangazi zimekauka kama karatasi, kisha ziwashwe kwa siku iliyopangwa, eneo kubwa kwa pamoja, ili moto uwe mkali kiasi cha kuua miche na vichaka. Moto wa namna hiyo hauwashwi na mtu mmoja mwenye kiberiti. Unataka watu wa kulinda mipaka, wa kusoma upepo, wa kujua saa ya kuwasha na saa ya kuacha. Kwa lugha ya leo tungesema unataka kikosi.

Mzee mmoja wa Nyahanga, ambaye nilikwenda kumsalimia kwa ajili ya habari hizi, alinisimulia alivyosikia kwa baba yake, aliyewahi kuitwa kufyeka upande wa Shinyanga. "Baba alikuwa anasema moto ule una sauti," aliniambia. "Moto wa kwetu unanong'ona. Ule ulikuwa unaunguruma kama gari moshi. Na ukishaunguruma, mjukuu wangu, miti iliyokufa inaanza kudondoka yenyewe. Basi wanaambiwa wakaikate hivyo hivyo, chini ina moto."

"Kwa shoka, babu?"

"Kwa shoka na mundu. Ulitaka kwa nini? Kwa kalamu?"

Nilicheka, yeye hakucheka.

Shoka lilikuwa na mpangilio wake pia. Watu walitoka kwa maelfu, kwa amri ya watemi na serikali, wakafyeka kwa siku zilizowekwa. Wapo waandishi wanaosimulia habari hizi kana kwamba Wasukuma walijifunza kufanya kazi kwa pamoja kutoka kwa bwana yule. Kumbe ni yeye aliyeukuta mpangilio tayari. Kila kijiji cha Kisukuma kilikuwa na kundi la vijana na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyejua kuita watu kulima, kujenga, kuvuna, na kuwatoza faini waliotega. Ngoma za mashindano ziliwafundisha kukaa kwenye mstari na kumsikiliza mmoja. Serikali ilichukua chombo hicho ikakiazima kwa kazi yake.

Baadaye watafiti waligundua kwamba si lazima kukata kila kitu. Mbung'o ana anapopapenda: pembezoni mwa mito ya msimu, kwenye vivuli fulani, chini ya miti fulani. Ukiondoa hiyo tu, nzi anakosa pa kupumzika. Ufyekaji huu wa kuchagua ulipunguza jasho, lakini ulihitaji kitu kingine: mkata miti aujue mti kabla ya kuukata. Mtaalamu wa mimea wa kituo kile, Bernard Burtt, aliandaa kitabu cha kutambua miti na vichaka vya Tanganyika, kikatoka mwaka 1939. Yeye hakukiona. Juni 1938 yeye na Swynnerton walikufa pamoja kwenye ajali ya ndege.

Hapo ndipo historia hii inaniuma. Mtafiti ana jina. Mti una jina la Kilatini. Hata nzi ana jina, tena mmoja wa mbung'o wa kanda yetu anaitwa *Glossina swynnertoni*, kwa heshima ya bwana mkubwa. Mwanawe, Roger, naye jina lake liko kwenye historia ya Kenya kwa ule mpango wa kilimo wa mwaka 1954. Lakini yule aliyejua kwamba mti huu ni mgumu wa moyo, ule umeoza ndani ingawa majani ni mabichi, huu ukiuangusha asubuhi upepo utakugeuzia: huyo anaitwa "wenyeji". Anahesabiwa kwa vichwa na kwa siku. Ujuzi wake ulitumika, ila haukuandikwa kwamba ni ujuzi. Uliandikwa kuwa nguvu kazi.

Neno hilo lina madhara. Kazi ikishaitwa nguvu kazi, haina mwanafunzi wala mwalimu. Haina mtihani. Na haina fidia, maana nguvu ikiisha unaita nyingine.

Baada ya Vita ya Pili ukaja mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, makao yake Malya. Pori la Geita lilifunguliwa ili wale waliobanana Kwimba na Mwanza wahamie na ng'ombe wao na pamba yao. Kitu kizuri, ukikitazama kwa mbali. Ukikisogelea unakuta amri juu ya amri: lima matuta hivi, punguza ng'ombe, fyeka hapa, usifyeke pale, na faini kwa anayekataa. Watu walichoka. Wakoloni walikipiga marufuku chama cha TANU katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958, lakini hasira haikupigwa marufuku. Mwaka 1958 ilipasukia Geita, watu wakaandamana mpaka Mwanza kupinga baraza la wilaya lililokuwa likiwekwa juu yao. Vitabu vinalieleza tukio hilo kama siasa za baraza, na ni kweli. Lakini waandamanaji wale ni wakulima ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wakiamriwa namna ya kushika jembe na shoka lao wenyewe.

Ufyekaji ulifanya kazi, hilo lisemwe. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaingia, watu wakalala bila hofu ya malale. Ila hakuna aliyepanga siku ya kuacha. Pamba ilitaka ardhi, ng'ombe walitaka malisho, vijiji vya miaka ya 1970 viliwakusanya watu mahali pamoja na kuni zikaisha kuzunguka kila kijiji. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere alipopita Shinyanga alishtushwa na ukame alioukuta, na mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI.

HASHI ilianza kwa miche, kama miradi mingi. Ikaja kufanikiwa zaidi pale iliposikiliza jambo ambalo bibi zetu walilijua: ngitili. Unatenga kipande cha malisho mwanzo wa mvua, hakiguswi, kinahifadhiwa kwa ajili ya ndama na wagonjwa mwisho wa kiangazi. Pakiachwa, visiki vinachipua vyenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Miti ile ilikuwepo chini ya ardhi muda wote, ikisubiri kuachwa.

Angalia kilichotokea hapo. Ujuzi wa kienyeji wa kuhifadhi ulitambuliwa, ukaandikwa, ukapewa tuzo. Ujuzi wa kienyeji wa kukata na wa kuongoza moto ukaachwa palepale. Tena ukageuka tuhuma. Mkata miti, aliyekuwa askari wa vita dhidi ya mbung'o, sasa ni mharibifu wa mazingira. Kama kuna cheti alichowahi kuandikiwa, basi ni hati ya mashtaka.

Na katikati ya mageuzi hayo, chombo mkononi mwake kilibadilika. Msumeno wa mnyororo si kitu cha zamani sana. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza wa umeme mwaka 1926, mzito wa kubebwa na watu wawili. Wa petroli ukafuata baadaye. Wa mtu mmoja ulianza kuenea miaka ya 1950, baada ya Mmarekani Joseph Cox kubuni aina mpya ya meno ya mnyororo mwaka 1947, inasemekana baada ya kumtazama buu anavyotafuna gogo. Shoka likikosea linakupa nafasi: linateleza, unaruka. Mnyororo unakimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Ncha ya upanga wake ikigusa gogo vibaya, mashine inaruka kukurudia usoni kabla hujafumba jicho.

Hicho ndicho kilichokuja Kahama kwa bodaboda. Na kazi ipo. Wakulima wa tumbaku wanahitaji kuni za kukaushia majani. Mji unakua na unapika kwa mkaa. Wachimbaji wadogo wanahitaji matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za duara zisiwafukie. Kila duara unaloliona huku Geita na Kahama lina miti mingi chini ya ardhi, na kila mti uliangushwa na mtu. Tunapohesabu ajali za dhahabu tunahesabu waliofukiwa. Mwenye kuvunjwa bega na tawi akikata timba hayumo kwenye hesabu ya mgodi, wala kwenye hesabu ya msitu.

Baba yangu mdogo ni mmoja wao, ameifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini. Anavaa kandambili. Kofia ngumu anayo, alipewa na mtu wa mgodini, anaiwekea misumari. Nilipomsomea yale masharti ya Wamarekani, alisikiliza akiwa anachonga meno ya mnyororo kwa tupa, kisha akaanza kunikatiza. Kutazama juu? "Hilo la kwanza, hata mtoto." Bawaba? "Sisi tunaiita kuacha kamba. Ukikata kamba yote, mti unakuwa hauna mwenyewe." Njia ya kukimbilia? Hapo alinyamaza kidogo. "Hiyo tunaijua. Ila ukilipwa kwa mti, si kwa siku, hutasafisha njia. Utakimbilia popote."

Nimelifikiria jibu hilo sana. Baba mdogo hakukosa elimu. Alichokosa ni mtu wa kumlipa muda wa kuitumia elimu hiyo.

Si kwamba nchi haina mahali pa kufundishia. Chuo cha misitu Olmotonyi, Arusha, kipo tangu 1937, mwaka ambao Swynnerton alikuwa bado hai Shinyanga. Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu. Chuo Kikuu cha Sokoine kinatoa shahada za misitu. Tuna Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, tuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na tangu 2003 tuna sheria ya usalama na afya mahali pa kazi. Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa mwongozo wa usalama wa kazi za misitu mwaka 1998, na ndani yake limo jambo hili hili: mkata miti awe na ujuzi uliopimwa. Lakini milango ya vyuo hivyo inafunguka kwa mwenye vyeti vya shule. Baba mdogo aliishia la saba. Anayehitimu anakwenda kusimamia msitu, na anayeukata anabaki kijiweni na namba yake ya simu.

Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka. Moto ulianzia eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu, ukateketeza takriban kilomita za mraba 95. Picha za siku zile sote tunazikumbuka: mamia ya watu, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, askari wa hifadhi, wanakijiji, wameshika matawi mabichi wanaupiga moto. Tuliwasifu kwa moyo wao, na walistahili. Ila mimi nilikuwa natazama mikono yao. Hawa walikuwa ndio kikosi chetu, na wengi wao walikuwa na tawi.

Wenzetu wa Afrika Kusini walishika njia nyingine. Mwaka 2003 walianzisha mpango uitwao Working on Fire. Wanachukua vijana wasio na ajira, wengi kutoka vijijini, wanawafundisha moto, zana na msumeno, wanawapima, wanawaajiri. Mwaka 2016 kama 300 kati yao walipelekwa Kanada kusaidia kuzima moto mkubwa wa Alberta, wakaingia uwanjani wakiimba. Baada ya siku chache wakagoma kwa sababu ya posho, wakarudishwa nyumbani. Wapo waliocheka. Mimi naona mambo mawili kwa pamoja: kwamba kijana wa kijijini Afrika anaweza kupimwa akakubalika popote duniani, na kwamba cheti bila mshahara wa haki ni karatasi tu. Hata wao walijua.

Basi tufanye nini huku kwetu? Sidai tununue helikopta. Moto wa miombo na mbuga zetu ni moto wa nyasi, na ngitili moja ikiungua mwezi wa kumi ni akiba ya ndama ya kijiji kizima imekwenda. Unazuiwa kwa kuchoma mapema, mwezi wa tano au wa sita, kwa kusafisha mipaka, na kwa kuondoa ile miti mikavu inayosimama karibu na mstari kabla haijageuka bomba la cheche. Zote hizo ni kazi ambazo watu wa hapa wamewahi kuzifanya kwa maelfu, chini ya amri ya mtu mwingine, kwa faida iliyopangwa na mtu mwingine.

Kitu ninachokiona kinawezekana ni kidogo tu. Mkufunzi kutoka Olmotonyi au TFS aje Kahama wiki mbili, kabla ya mwezi wa tano. Akae na wakata miti kumi, wale wa kijiweni. Asianze na ubao. Aanze na mti, awaambie: angusha, nitazame. Wale wanaojua tayari wapimwe na kuandikiwa, wapewe buti, kofia na suruali ya kuzuia mnyororo, na kijiji kikiwaita kwenye moto walipwe kwa siku, si kwa mti. Wasiojua wafundishwe na wale wanaojua. Nchi hii imeshafanya jambo la namna hiyo. Sungusungu walianza huku huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, bila barua ya mtu yeyote, na serikali ikaja ikawakuta wakifanya kazi, ikawatambua baadaye kwa sheria.

Nilimweleza baba mdogo wazo hilo. Alimaliza jino la mwisho, akaupuliza mnyororo, akauliza swali ambalo sikulitegemea. Hakuuliza kuhusu posho.

"Huyo atakayekuja kunipima," alisema, "yeye ameangusha miti mingapi?"

Nadhani ni swali la haki. Ningependa liwe la kwanza kwenye mtihani, na liulizwe pande zote mbili.